Karata Hazikumwambia

Pale Mulongwe, mtaa wa Uvira, mtu akikuambia anakwenda kusukwa kwa Mama Célestine, usimwamini moja kwa moja. Kichwa chake kitasukwa, tena vizuri, maana vidole vya Célestine havina mpinzani kuanzia mtoni hadi Kalundu. Lakini mara nyingi kilichompeleka si nywele. Ni zile karata.

Zilikuwa karata za taroti, kubwa kuliko zile wanazochezea vijana, zenye picha za wafalme, mwezi, mbwa wanaobweka, na mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja huku uso wake umetulia kabisa. Kila nyumba ilikuwa na habari yake juu ya asili ya karata hizo. Wengine walisema bibi yake alizaliwa nazo mkononi. Wengine waliapa kwamba karata za namna hiyo hazinunuliwi. Lazima urithishwe na mtu anayekata roho, la sivyo zitakugeuka. Célestine alizinunua sokoni Bujumbura, kwenye meza ya mchuuzi wa vitana, na kila aliyeuliza alimwambia hivyo hivyo. Hakuna aliyemwamini. Ukweli ukiwa mwepesi mno, watu huupita na kuokota uongo wenye uzito.

Zilikuja na kijitabu cha Kifaransa cha kueleza maana. Mwaka ule mto Mulongwe ulipoingia nyumbani bila kupiga hodi, kijitabu kilikwenda na maji pamoja na viti vya saluni. Karata zilipona kwa kuwa zilikaa ndani ya kopo la mafuta ya nywele. Tangu hapo Célestine hakuwa na mwalimu ila picha zenyewe na midomo ya wateja, na aligundua jambo ambalo kijitabu hakikulitaja: mwekee mtu picha mbele yake, muulize anaona nini, kisha nyamaza. Atakueleza mambo yake mpaka ya utotoni. Kazi yako ni kusuka na kuitikia.

Jaribu sasa kuwaambia watu hivyo. Thierry wa pikipiki alikuja kutaka karata zimtaje mwizi wa kofia yake ngumu, akakasirika alipoambiwa karata si polisi. Candide wa kikundi cha maombi alisukwa huku amefumba macho, akikemea mapepo kwa sauti ya chini, ila jicho moja lilifunguka kila karata ilipogusa meza. Mwisho akauliza, kwa niaba ya rafiki yake mmoja asiyetaka kutajwa, kama yule mwanamume wa Kalundu ana nia njema.

Na wote, walokole kwa walevi, waliiogopa karata ya kumi na tatu. Ina mifupa mitupu ya mtu anayefyeka kwa mundu mrefu, na chini yake, kwenye udongo mweusi, vichwa na mikono vimetapakaa katikati ya majani. Haina hata jina. Ikitoka, mteja huruka kitini nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Célestine alichoka kueleza kwamba kitu kikiisha si lazima awe mtu. "Ingekuwa inauaka," aliwaambia, "minye mwenye kuishika kila siku ningekuwa wapi?" Walimtazama kwa huruma, kama mtu ambaye zamu yake haijafika.

Ndiyo sababu Protais alimkaa moyoni tangu siku ya kwanza. Alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Kamanyola, mgane, mwenye sauti nzito inayotegemewa na kwaya ya parokia yao. Alimleta binti yake Délice asukwe kabla ya kuanza masomo ya uuguzi Uvira, akaketi pembeni na kofia magotini. Célestine alipopumzisha vidole, akamwekea karata kwa utani. Ikatoka ile ya kumi na tatu. Délice akapiga yowe. Protais akainama, akaichunguza kwa makini kama anayekagua shamba la jirani.

"Huyu anakata namna gani?" akauliza. "Atajikata muguu. Hakuna mwenye alimufundisha kushika mundu."

Célestine alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu mume wake alipofariki hakuwa amecheka namna ile, na Protais alipoondoka, aliona saluni imekuwa kubwa ghafla.

Basi Protais akawa anapita kila Jumamosi akishamaliza kuuza mchele wake sokoni. Alikuwa na sababu tele: kumwangalia Délice, kupunga upepo, kungoja gari. Célestine humwekea karata, Protais husema anachoona, na saa zinapita. Siku moja Célestine alimwambia, "Papa Délice, iko kitu unalia ndani." Protais akaduwaa. Kumbe wakati wote huo alikuwa akiizungusha pete ya marehemu mke wake kidoleni, na mtu yeyote mwenye macho angeona. Lakini kuanzia hapo aliamini kwamba mwanamke huyu anaona mpaka uvungu wa roho. Célestine alikanusha, ndiyo, ila si kwa nguvu sana. Mwanamume mzima akikutazama kwa mshangao kama huo, unakuwa na haraka gani ya kumzindua?

Jumamosi moja baada ya Pasaka, Protais akafika amevaa koti. Joto la Uvira linajulikana. Mtu havai koti mchana pasipo jambo. Mikononi alibeba mtungi wa udongo, si ile bidoni, dumu la plastiki la njano, ambayo kasiksi, pombe ya ndizi, husafiria siku zote. Mdomo wa mtungi ulizibwa kwa jani bichi la mgomba lililofungwa kwa ustadi. Akautua katikati ya saluni. Akasimama. Akajifuta uso.

"Mama Célestine," akasema, "weye unajua."

Célestine, mikono imejaa nywele za mteja, alidhani ni shukrani ya mtu mkarimu. "Najua, Papa Délice. Aksanti sana!"

Protais aliondoka karibu anakimbia. Célestine akamwita Providence, jirani yake anayeuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, mlango wa pili, wakaufungua mtungi pamoja na wateja wote waliokuwepo, wakanywa mpaka wakaona udongo. Pombe ilikuwa tamu, na walimsifu sana aliyeileta. Jumamosi iliyofuata, Célestine, mwanamke wa adabu, akamkabidhi Protais mtungi wake umesuguliwa unang'aa.

"Chombo chenu hiki," akamwambia. "Wasije kukitafuta nyumbani."

Protais aliupokea kwa mikono miwili. Alichungulia ndani, akasema amechoka kidogo, akaaga. Jumamosi ya pili yake alisimama mlangoni tu. Kiangazi kilipoingia, hakuonekana tena.

Célestine alimkosa, na hakuna haja ya kulizungushia jambo hili maneno. Alimkosa asubuhi akifagia na mchana akisuka. Jumamosi, kila alipoona kofia barabarani, vidole vilisimama kichwani mwa mtu. Alikuwa ameshajizoesha upweke, akaufanyia hata nafasi nyumbani, na sasa mtu huyu amekuja kumzoesha vingine na kupotea.

"Ni karata," Providence akaamua, akipepeta ndagala zake. "Kule parokiani walimuambia weye ni mulozi. Mukatoliki na karata, wapi na wapi? Lakini si unazo? Jiangalie, ujue kama anarudi!"

Célestine akajaribu. Wahenga walisema mganga hajigangi, na msusi naye hajisuki kisogo. Karata ya kwanza ilikuwa malkia ameketi peke yake. Akamwona Protais mahali ambapo hayupo. Ya pili ilikuwa mzee na taa. Huyo ni Protais na kofia yake. Ya tatu ilikuwa jua, na hata hilo lilikuwa na mashavu ya Protais. Akazikusanya kwa hasira. Ikiwa hizi picha ndizo zilizomfukuza, akawaza, basi ziende. Akaliweka kopo kando ya mbabula, jiko lake la makaa, azichome akishamaliza kichwa cha mwisho.

Kichwa cha mwisho siku hiyo kilikuwa cha Délice.

"Mama," binti akauliza alipokuwa anafumuliwa, "juu ya nini kopo ya karata iko kwa mbabula?"

"Nimezichoka. Zinafukuza watu."

"Watu gani?"

Célestine akakazana na kitana. Délice hakuwa mtoto, akageuka kumtazama.

"Papa? Hapana, mama. Papa hakukimbia karata. Papa anasema weye ulimukatalia."

Kitana kikaanguka. "Nilimukatalia nini? Hajaniuliza kitu!"

"Alikuletea mutungi."

"Na nilikunywa! Na nilisema aksanti!"

Délice akavuta pumzi, akaeleza taratibu, kama anavyofundishwa kuwaeleza wagonjwa. "Kwetu kule, mwanaume akileta mutungi kwa mwanamuke, pombe haifunguliwe kwanza. Mwenye kuupokea anauliza: pombe hii ni ya nini? Hapo sasa mwanaume anasema haja yake. Minye nilimuuliza papa, ulisema? Akanijibu, nitasema nini mbele ya mutu mwenye anaonaka yote? Ni kama kumuambia padri habari ya Noeli. Atachukia, atasema namuzarau. Basi akanyamaza, akangojea jibu. Weye ukamurudishia mutungi. Umesafishwa, hauna neno. Kwetu ile ni hapana."

Célestine aliketi chini kabisa, sakafuni, penye nywele zilizokatika. Akacheka. Halafu akalia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha saluni, akacheka tena. Miezi yote hiyo mtu anangoja jibu la swali ambalo hakuuliza, naye anamlilia mtu aliyekwisha kumposa! Kisha akaliondoa kopo kando ya moto na kumaliza kichwa cha Délice, na siku hiyo alisuka upesi kuliko alivyowahi kusuka.

Asubuhi yake alivaa kitenge kipya, akalitia kopo la karata mkobani, akapanda gari la Kamanyola. Mwanamke wa heshima hamfuati mwanamume kwake. Alilijua hilo, na Providence alimkumbusha kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya mto. Célestine alimjibu kwamba anakwenda kununua mchele.

Alimkuta Protais uani, anageuza mpunga juu ya turubai kwa nyayo, kuku wakimzunguka. Alipomwona akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Karibu, Mama Célestine."

"Aksanti, Papa Délice. Nimekuja kununua muchele."

"Muchele iko Uvira."

"Najua."

Protais akatoa kigoda. Célestine akaketi, akafungua kopo, na Protais akarudi nyuma hatua.

"Hapana, mama. Umeshaona yote. Mara ya pili ni ya nini?"

"Nimeona nini?"

"Ile siku uliniambia iko kitu nalia ndani. Nani alikuambia?"

"Kidole yako. Ulikuwa unazungusha pete ya marehemu, nikaogopa itatoka na ngozi."

Protais akakitazama kidole chake kama kimemsaliti. "Na kusema sikulala?"

"Macho yalikuwa nyekundu."

"Na shamba ya chini, yenye maji iliingia? Sikuambia mutu yeyote!"

"Papa Délice, ulikuja na matope mpaka kwa magoti."

Protais akajishusha polepole, akaketi ukingoni mwa turubai. Mtu angedhani atakasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo na bado hajaamini kama mgongo ni wake.

"Sasa karata inafanyaka nini?"

"Karata inanyamaza. Mutu ndiye anasemaka."

Akafikiri. Kuku akaupanda mpunga, wala hakumfukuza. "Kwa hiyo ile siku ya mutungi..."

"Sikujua kitu. Tulikunywa pombe yako na Providence, tukakusifu sana."

"Mungu wangu," akasema Protais, akaufunika uso kwa kofia. Ndani ya kofia sauti yake ilitoka nzito. "Nilingojea. Nikawaza, labda anaangalia karata mara mbili, ni mwanamuke wa uangalifu. Halafu nikaona mutungi. Njiani nilikuwa naubeba kama mutoto mugonjwa."

Maneno hayo yalimchoma Célestine. Alitamani amguse bega, lakini jirani alikwisha kutoka nje kuanika nguo ambazo zilionekana kavu. Akamnyoshea karata.

"Shika. Leo unasoma weye."

"Minye? Mwengine akizigusa si zinaharibika?"

"Zilipita mafuriko ndani ya kopo ya mafuta. Vidole vyako vitazifanya nini? Shika."

Protais akazichanganya vibaya sana, nyingine zikaanguka kwenye mpunga, akavuta moja. Ilikuwa ile ya nyota: mwanamke amepiga goti kando ya maji, hana hata uzi mwilini. Protais akaigeuza haraka, akatazama barabarani, akaigeuza tena kwa adabu.

"Unaona nini?" Célestine akauliza kwa sauti yake ya saluni, kisha akanyamaza.

"Mwanamuke. Hana nguo."

"Ruka pale."

"Iko na mitungi. Mbili. Anamwaga."

Célestine alikumbuka vizuri kijitabu kilisema nini juu ya karata hiyo. Hakusema. Protais aliendelea kuitazama, na midomo yake ikawa inatembea kama ya mtu anayetafuta sauti ya kuanzia wimbo.

"Wa kwanza umeshamwagika," akasema mwishowe. "Haukuwa na maneno, ukamwagika bure. Lakini huu wa pili ungali na kitu." Akainua macho. "Mama Célestine, minye nilitaka—"

"Hapana!" Célestine akainuka. "Usiseme hapa kati ya kuku. Lete mutungi, lete na mushenga, uje kwetu. Nitakuuliza."

"Utauliza kweli?"

"Nitauliza."

Akanunua mchele, ili asiwe mwongo, akarudi Uvira anaimba garini pasipo kujali nani anamsikia.

Mtungi ulirudi Mulongwe Jumamosi moja yenye upepo mzuri wa ziwani. Kaka yake Célestine, Toussaint, mpagazi wa bandarini Kalundu, aliketi mbele kwa niaba ya familia, amevaa shati lililombana. Providence alikuwepo tangu alfajiri. Candide naye alikuja, akasema amefika kupalinda mahali kwa maombi, akachagua kiti cha karibu zaidi. Mshenga alikuwa Gédéon, kiongozi wa kwaya ya Kamanyola, mtu ambaye hajawahi kufupisha kitu maishani. Alianza na uumbaji. Akaja kwa Nuhu. Akavuka bonde lote la Ruzizi, kijito kwa kijito, akielekea taratibu kwenye nyumba yenye mwanamke wa mikono mizuri, na mtungi ukakaa katikati, jani lake bichi linameremeta. Nyuma yake Protais, ndani ya lile koti, alikuwa analowa.

Toussaint akakohoa ili aulize swali linalompasa. Célestine akamtangulia. Wanawake wakaguna, maana anayeposwa hafungui kinywa.

"Pombe hii ni ya nini?"

Gédéon alikuwa bado ana mito ya kuvuka. Lakini Protais alikwisha kusimama.

"Ni ya kukuomba weye, Célestine," akasema kwa ile sauti ya kwaya, na watu wa barabarani wakasimama. "Nataka tuzeeke pamoja. Pete ya marehemu nimeiweka kwa kisanduku, na mama yake Délice angekupenda. Nasema kwa kinywa yangu, wote wasikie. Kama ni hapana, rudisha mutungi, lakini leo nitakuwa nimesema."

Célestine alijua kila kitu. Alijua tangu Délice alipogeuza kichwa, alijua uani kule Kamanyola, alijua mtungi ulipokuwa unashushwa garini. Hata hivyo maneno yalipomfikia, alimshika Providence mkono. Kujua hakukuwa kumemfanya hivi. Hakuna aliyemwambia neno kama hilo kwa miaka mingi, naye hakuwa amefahamu jinsi masikio yake yalivyokuwa na njaa.

"Mutungi haurudi, Protais," akasema.

Vigelegele vikapasuka mpaka mtoni. Toussaint akalifungua jani, Gédéon akaomba angalau amalizie bonde, hakuna aliyemsikiliza. Katikati ya kelele Providence akamsogelea sikioni.

"Niambie kweli, weye. Karata zilikuwa zimekuonyesha?"

"Hazikuniambia kitu," Célestine akajibu, macho yake kwa Protais, aliyekuwa anavua koti hatimaye. "Ameniambia yeye."

Providence akamkonyeza kwa maana ya kwamba siri iko salama. Kufikia Jumatatu Mulongwe yote ilikuwa na habari kwamba karata za Mama Célestine zimevuta mume kutoka Kamanyola kwa mguu wake mwenyewe, na foleni ya saluni ilifika barabarani, Candide akiwa wa kwanza. Célestine aliwaeleza ukweli wote, mmoja mmoja, huku anawasuka. Mtungi wenyewe uko pale pale saluni, karibu na kioo, na ndani yake anaweka vitana.